Muuguzi wa Sakafu

Kila siku baada ya masomo, Maringo alirudi nyumbani kwa njia ile ile, na njia nzima alikuwa akiwahukumu watu. Jina la Maringo alipewa na mjomba wake kwa utani alipokuwa mdogo, likamganda. Sasa alikuwa binti wa miaka kumi na miwili, sare yake safi kuliko za wenzake wote, kola imenyooka, pua imeinuka kidogo kama ya mtu anayepita karibu na jaa.

Alimpita fundi baiskeli aliyekaa juu ya debe, grisi imempanda hadi kwenye nyusi. "Kijitu kichafu," aliwaza. Alimpita mama muuza mkaa, aliyemwuliza habari za shule. Maringo alijibu "nzuri" bila kugeuza shingo. Alipenda sana kuwapunguza watu kwa kuwatia katika ngeli ya ki. Mtu akawa kijitu, dada akawa kijidada, mzee akawa kizee. Hakuyasema maneno hayo kwa sauti, lakini yalikuwa yameandikwa usoni pake, na watu wa mtaa walijua kusoma.

Vijana waliokaa chini ya ukuta wa kiwanda cha viberiti, wakingoja kuitwa kufanya kibarua, hakuwapa hata hiyo ki. Aliwapita kama mtu anavyopita mawe.

Kwenye lango la kiwanda palikuwa na bango kubwa. Pichani meneja alikuwa akicheka, na chini yake pameandikwa: TUNAAJIRI MTAA MZIMA. Viberiti vya kiwanda hicho vilijulikana kwa jambo moja tu, kwamba haviwaki. Njiti moja ilivunjika, nyingine ilitoa moshi ikanyamaza, nyingine ilikurukia shatini. Hata hivyo Maringo alikiheshimu kiwanda, kwa sababu kilikuwa na lango, na meneja wake alikuwa na gari.

Nyumbani kwao palikuwa na vyumba viwili na kibaraza. Baba yake alifariki Maringo akiwa bado anatambaa. Waliobaki ni mama, bibi mzaa mama, na mjomba, ambaye ni mdogo wake mama. Mama alipiga deki katika zahanati tangu alfajiri hadi mchana kupita, na jioni alipiga pasi nguo za watu kwa pasi ya mkaa. Bibi alikuwa amepata kiharusi mwaka uliotangulia. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, maneno yakitoka yamekunjamana, na masikio nayo yalikuwa yamechoka. Aliyeielewa vizuri sauti yake, na ambaye yeye alimsikia bila shida, ni Maringo. Akili ya bibi haikuwa imepungua hata kidogo, wala ulimi wake haukuwa umepoteza makali. Alikaa barazani akimenya karanga za mwenye duka, ambaye alimlipa kila ungo ulipojaa.

Mjomba ndiye aliyemtia Maringo aibu kuliko wote. Alikuwa mtu wa mashine pale kiwandani mpaka mashine yake ilipoharibika, meneja akaona ni nafuu kumwondoa mtu kuliko kununua kipuri. Tangu hapo mjomba aliondoka kabla ya jua kuchomoza kwenda kuulizia kazi. Siku nyingine alirudi mabega yakiwa meupe kwa unga wa magunia aliyobeba sokoni. Siku nyingi alirudi kama alivyoondoka.

"Mpwa wangu, shule imesemaje leo?" angeuliza.

"Haijasema kitu," Maringo angejibu, akihamisha sahani yake upande wa pili wa mkeka.

Shuleni, rafiki yake mmoja alikuwa binti wa mwenye duka la dawa. Siku moja alimwuliza Maringo mama yake anafanya kazi wapi. "Zahanati," Maringo alisema. Rafiki akauliza, "Ni muuguzi?" Maringo hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Alirekebisha kola yake. Kuanzia siku hiyo, darasa zima lilijua kwamba mama yake Maringo ni muuguzi, na Maringo mwenyewe alikuwa karibu kuamini.

Alasiri moja alipofika nyumbani alimkuta dada mmoja mgeni amesimama kwenye kibaraza. Alikuwa na mfuko wa kitambaa begani, kitambulisho shingoni na kishikwambi mkononi. Viatu vyake vilikuwa vimelika upande mmoja na kujaa vumbi.

"Habari yako, mdogo wangu," alisema yule dada. "Mimi ni mdadisi kutoka ofisi ya takwimu. Tunapita katika nyumba zilizochaguliwa kwa bahati nasibu tukiuliza habari za kazi. Nani anafanya kazi, ni kazi ipi, na nani anaitafuta asiipate. Nimeshakuja hapa nikawakosa watu wazima. Leo nimemkuta bibi, lakini hatuelewani."

"Kijidada cha kuzunguka majumbani," aliwaza Maringo. Kwa sauti alisema, "Bibi ananielewa mimi."

Mdadisi alisita. Alitazama jua, akatazama nyumba zilizokuwa bado zinamngoja. "Basi nisaidie. Nitauliza, umwambie, kisha unirudishie jibu lake kama lilivyo. Usiongeze, usipunguze. Na mwambie majibu yenu ni siri. Hayaendi kwa jirani wala kwa mwajiri."

Waliingia ndani, ambako bibi alikuwa amekaa na ungo wake wa karanga, wakaketi kwenye mkeka. Mdadisi alimsalimia bibi kwa heshima, akaandika wanaoishi pale, kisha akaanza na mjomba.

"Katika siku saba zilizopita, mjomba alifanya kazi yoyote ya malipo, hata kwa saa moja tu?"

Maringo alimwinamia bibi sikioni akamwuliza. Bibi aliacha karanga zake.

"Alibeba magunia sokoni siku moja," alisema kwa sauti yake iliyokunjamana. "Siku nyingine zote anapiga miguu kuomba kazi, na wenye kazi wanamtazama kama nzi. Kile kiwanda kilimtupa. Mwambie huyu binti kwamba kiwanda chenyewe kinatengeneza viberiti vya kuwashwa na viberiti vingine."

Mdadisi hakuelewa hata neno moja. Alimtazama Maringo akingoja.

Maringo aliviangalia vile viatu. Alifikiria jinsi mtu mwenye viatu kama hivyo atakavyoondoka na habari kwamba nyumbani kwao kuna mtu wa kubeba magunia. Akasema kwa sauti laini, "Bibi anasema mjomba ni mwajiriwa wa kudumu kiwandani. Anakisifu sana kiwanda."

"Wiki nzima alikwenda kazini?"

"Wiki nzima."

"Na mama?"

Maringo aliuliza tena. Bibi akajibu, "Anasugua sakafu ya zahanati, halafu anarudi hapa kunyoosha suruali za watu wasiojua hata kusema asante."

"Muuguzi," alisema Maringo.

Mdadisi aligonga kioo cha kishikwambi. "Na bibi mwenyewe? Ana kazi yoyote inayomwingizia chochote, hata ndogo?"

Hilo Maringo hakuona haja ya kuliuliza. "Bibi hafanyi kitu. Anakaa tu."

Mdadisi aliutazama ungo wa karanga kwa muda, kama mtu anayetaka kuuliza jambo. Lakini alikuwa amechoka. Aliaga na kuondoka. Bibi aliendelea kumenya, akiwa ameridhika kwamba hatimaye serikali imesikia alichotaka kusema kuhusu kile kiwanda.

Jumamosi iliyofuata wote walikuwa nyumbani. Mama alikuwa akipiga pasi kwenye kibaraza, mjomba anatengeneza mguu wa kiti, bibi yuko na karanga zake. Gari jeupe lilisimama mbele ya nyumba. Alishuka bwana mmoja mwenye shati lililonyooka na viatu vinavyong'aa. Nyuma yake alishuka yule mdadisi, kichwa chini.

Maringo alifurahi. Huyu ndiye aina ya mgeni aliyestahili nyumba yao. Alikimbia ndani kumletea kiti kizima, akakipangusa kwa kiganja.

"Mimi ni msimamizi wa utafiti," alisema yule bwana bila kuketi. "Huwa tunarudia nyumba chache kuhakikisha kazi imefanyika. Mama, unafanya kazi gani?"

"Usafi, kaka yangu. Napiga deki zahanati. Na hii pasi unayoiona."

Msimamizi alitazama kishikwambi chake. Akamgeukia mjomba. "Na wewe?"

"Mimi nilikuwa kiwandani, wakanipunguza. Sasa ninatafuta. Nikibahatika, nabeba magunia."

Msimamizi alichekea puani. "Hapa pameandikwa mwajiriwa wa kudumu. Na hapa pameandikwa muuguzi."

"Muuguzi?" Mama aliiweka pasi juu ya kigae. "Muuguzi wa nini, wa sakafu?"

Msimamizi alimgeukia mdadisi. Hakupandisha sauti. Aliongea polepole, kama mtu anayetoa kitu kibaya kwenye kiatu chake.

"Umepika takwimu. Ulikaa kivulini ukajaza majibu ya kichwani mwako. Nilijua tangu nilipokuona. Watu wa aina yako mnapewa kazi ya watu, mnaifanya kama vibarua. Kifaa utanikabidhi leo. Jumatatu usije."

"Niliuliza, mheshimiwa," alisema mdadisi. "Nilijibiwa na bibi." Alimtazama Maringo mara moja tu, kisha akaangalia chini. Alikuwa ameahidi kwamba majibu ya nyumba ile ni siri, na hata pale alipokuwa akipoteza kazi hakumnyooshea mtoto kidole.

Yale maneno, watu wa aina yako, na ule mkunjo wa pua, Maringo alivijua. Vilikuwa vyake. Hakuwahi kuvitazama vikiwa kwenye uso wa mtu mwingine, na havikupendeza. Vilimfanya yule bwana mwenye shati safi aonekane mdogo na mwenye uchungu wa bure.

Mama alisogea kwa bibi na kumsemea sikioni, lakini bibi hakushika vizuri. Mama akamwita Maringo. "Mwulize bibi yako kama alimjibu huyu dada."

Maringo alipiga magoti na kuuliza. Bibi aliinua uso.

"Nilimjibu vizuri kabisa. Nilimweleza habari za mjomba wako, za mama yako, na za kile kiwanda cha moshi. Wewe ndiye uliyekuwa ukimpelekea. Kwani hukumfikishia?"

Kibaraza kizima kilimngoja Maringo. Ingekuwa rahisi. Angesema bibi hakumbuki, na hakuna ambaye angejua. Mdadisi angekwenda zake na viatu vyake, na jambo lingekwisha.

"Anasema nini?" aliuliza msimamizi. Kisha, kabla hajajibiwa, alipunga mkono. "Acha tu. Kizee hiki hakijui hata leo ni siku gani."

Maringo alisimama wima kama aliyemwagiwa maji ya moto. Hakuna mtu aliyewahi kumtia bibi yake katika ki. Bibi, aliyemlea yeye wakati mama yuko kazini, aliyemfundisha kusoma kabla hajaanza shule, na ambaye sasa alikuwa akimtabasamia yule bwana kwa nusu ya mdomo, kwa sababu hakusikia alichoitwa.

Lakini mama alikuwa ameshatangulia. "Kaka," alisema, na sauti yake ilikuwa baridi ingawa pasi ilikuwa bado inawaka, "huyu si kizee hiki. Huyu ni mama yangu. Unaweza kuuliza unachotaka katika nyumba hii, lakini utauliza kwa adabu au utaulizia barabarani."

"Bibi anajua," alisema Maringo. "Bibi alijibu kweli tupu. Mimi ndiye niliyegeuza. Nilisema mjomba ana kazi kiwandani na mama ni muuguzi. Na bibi anamenya karanga kwa malipo, lakini nilisema hafanyi kitu. Huyu dada hakupika chochote. Aliandika nilichomwambia."

Mjomba aliacha kugonga mguu wa kiti. Alimtazama mpwa wake, kisha akayatazama mabega yake mwenyewe, kana kwamba anatafuta unga. Kwa Maringo, hilo lilikuwa kali kuliko kofi.

Msimamizi sasa aliketi, na kiti kikalalamika. Alimwambia mdadisi kwamba alikosea kumtumia mtoto, kwamba alipaswa kurudi jioni amkute mtu mzima. Mdadisi alikubali. "Ni kweli. Nilikuwa nimechoka, nikachukua njia ya mkato. Kosa hilo ni langu." Msimamizi alisema kifaa abaki nacho, nyumba hii aihoji upya, na kuhusu Jumatatu, asahau alichosema. Alisema kwa shida, akiangalia pembeni, kama wasemavyo watu ambao hawajazoea kurudisha maneno. Kisha akamwomba radhi bibi. Ilibidi Maringo aipeleke sikioni.

Bibi alipoelewa kilichotokea alisema kitu kirefu. "Anasema," Maringo alitafsiri, safari hii bila kuongeza wala kupunguza, "radhi ameipokea, lakini shati safi si akili. Na anauliza karanga zake zimeandikwa wapi."

Mdadisi alicheka kwa mara ya kwanza. "Mwambie zinaandikwa sasa hivi. Aliyefanya kazi ya malipo hata saa moja, sisi tunamwandika kwamba amefanya kazi."

"Na mimi?" aliuliza mjomba.

"Wewe kwa ile siku ya magunia umefanya kazi. Lakini tunaandika pia kwamba ni kibarua kisichokutosha na kwamba unatafuta nyingine. Hayo nayo yana mahali pake."

"Kwani mnatuuliza sisi ya nini?" alisema mama. "Si mwende kiwandani mkaombe orodha ya wafanyakazi?"

"Tunayo," alijibu msimamizi. "Waajiri hutuletea hesabu zao. Lakini mwajiri anahesabu nafasi za kazi. Mtu mwenye kazi mbili ataonekana mara mbili, na anayebangaiza sokoni hataonekana kabisa. Ndiyo maana tunakuja pia majumbani, tuhesabu watu. Hesabu hizo mbili zikipishana sana, tunajua kuna jambo la kuuliza." Alimgeukia Maringo, safari hii bila mkunjo puani. "Na kuna waajiri wanaotuletea majina ya watu waliokwisha kuwaondoa, ili waonekane wanaajiri wengi. Majibu yako yangewafaa sana watu wa namna hiyo. Wangesema, tazameni, hata nyumbani kwake wanasema yuko kazini."

Mjomba alicheka kicheko kikavu. "Kumbe meneja na mpwa wangu wameniajiri bila kunilipa."

Hakuna aliyecheka naye. Alikuwa amesema kweli. Kama mtaa mzima ungeandikwa kuwa una kazi, hakuna ambaye angekuja kuuliza kwa nini vijana wanakaa chini ya ule ukuta tangu asubuhi.

Mdadisi aliwahoji upya, mmoja mmoja. Walipomaliza, Maringo alimfuata hadi njiani.

"Dada, nisamehe. Nilikudharau kwa sababu ya viatu vyako."

Mdadisi aliviangalia viatu. "Hata mimi navidharau," alisema. "Lakini vimefika kwenye nyumba nyingi. Umechelewa kusema kweli, mdogo wangu, ila umeisema nikiwa bado nina kazi. Nimekusamehe."

Jioni mama alimwita Maringo kwenye kibaraza. Alimpa pasi ya pili na rundo la leso za kuanzia. Maringo aliunguza kidole, akaendelea. Mkono ulianza kumwuma mapema kuliko alivyodhani.

"Jumatatu," mama alisema hatimaye, "utawaambia wenzako mama yako anafanya kazi gani."

"Watanicheka, mama."

"Watakucheka. Utaona jinsi inavyokuwa." Mama alikunja suruali, akaiweka juu ya nyingine. "Sikukasirika kwa kuniita muuguzi. Muuguzi ni mtu mzuri. Lakini muuguzi huyo angefanyia kazi wapi, kama mimi sijasugua ile sakafu? Ulinifuta, ukaweka mtu mwingine mahali pangu. Ukamfuta na mjomba wako, na jasho lake lote. Ukamfuta na bibi yako, ambaye karanga zake ndizo zilizokununulia hiyo kola unayoringia."

Maringo alianza kulia, machozi yakadondokea leso na kutoa mvuke chini ya pasi.

"Usiniharibie nguo za watu," alisema mama, ila sasa kwa upole. "Sikiliza, mwanangu. Uongo wako ulitaka kumgharimu mtu mkate wake. Hilo ni baya. Lakini uongo huo ulizaliwa na dharau, na hiyo ndiyo nataka uiache. Ukimdharau mtu, unaacha kumwona, na usiyemwona huwezi kumhesabu. Ulitaka sisi tuheshimiwe, ukaanza kwa kutotuhesabu. Kila anayefanya kazi halali ana kazi. Na anayeitafuta kila siku asiipate, hana aibu ya kuficha. Aibu ni ya wanaomficha."

Mjomba, aliyekuwa ameitwa sokoni baada ya wageni kuondoka, alitokea barabarani, mabega meupe. Maringo aliweka pasi chini, akajifuta macho, akainuka kumtengea maji ya kunawa. Alipomletea chakula aliketi kando yake, akaiweka sahani yake mwenyewe karibu na ya mjomba.

"Shikamoo, mjomba. Kazi imekwendaje leo?"

Mjomba alimwangalia kwa muda, akitafuta kama kuna kejeli ndani yake. Hakuiona.

"Marahaba, mpwa wangu," alisema. "Leo ilikuwa nzito." Akaanza kumsimulia.